Nishati Ikiwa Pesa: Gemu za Anga Zinavyotufunza Kusoma Salio

Jumamosi jioni, kibanda cha kinyozi kimejaa watu. Mteja aliye kwenye kiti amenyolewa upande mmoja tu, halafu mashine inanyamaza. Tokeni imeisha. Mwenye kinyozi anachomoa simu, analipia stima, anaingiza zile tarakimu 20 kwenye mita, na mashine inaanza kunguruma tena. Pesa imegeuka stima, stima imekata nywele, na nywele zimerudisha pesa kwenye simu ileile.

Kuna gemu ambazo zimejengwa juu ya mzunguko kama huo. Ni gemu za mikakati ya anga za juu: unaongoza himaya, unajenga vituo kwenye sayari, unaunda meli na kupigana na majirani. Kwa baadhi ya gemu hizo hakuna shilingi wala dola. Sarafu ni nishati yenyewe. Unazalisha nishati, unalipa kwa nishati, na unafilisika ukiishiwa nishati.

Kwa kawaida hapa tunaongea kuhusu ada, PIN na matapeli. Leo tunaongea kuhusu gemu, kwa sababu wachezaji wake hujifunza mapema jambo ambalo wengi wetu hulijua tu baada ya kuumia: salio peke yake haliwezi kukuambia kama uko sawa.

Kwa nini nishati, si dhahabu?

Jiweke kwenye nafasi ya mtu anayetunga gemu. Una viumbe wa aina kumi kutoka sayari kumi. Mmoja anakula madini, mwingine ni roboti, mwingine hana hata mikono. Watauziana vitu kwa sarafu gani? Noti ya nchi fulani haina maana kwao. Dhahabu je? Kwa roboti, dhahabu ni waya tu.

Lakini wote wanahitaji nishati. Roboti anaihitaji, meli inaihitaji, kiwanda kinaihitaji. Tena nishati inapimika, na inaweza kugeuzwa kuwa kazi yoyote. Kitu ambacho kila mtu anakihitaji, kinachopimika na kinachogeuka kuwa kitu kingine kina sifa kubwa za pesa tayari.

Mfano mzuri wa zamani ni Sid Meier's Alpha Centauri ya mwaka 1999, kutoka kampuni ya Marekani iitwayo Firaxis. Makundi saba ya binadamu yanatua kwenye sayari ngeni na kuanza maisha upya. Hazina ya kila kundi inahesabiwa kwa nishati. Ukijenga paneli za sola mahali pa juu, mlimani, zinazalisha zaidi ya zile za bondeni. Mmoja wa viongozi saba ni mfanyabiashara wa kubuni kutoka Namibia, Nwabudike Morgan, na kundi lake linaanza gemu likiwa na nishati 100 zaidi ya wengine. Na mojawapo ya njia za kushinda gemu nzima ni kuliteka soko la nishati la sayari. Ukilishika hilo, huhitaji tena kupiga risasi.

Mfano wa karibu zaidi ni Stellaris, iliyotoka mwaka 2016 kutoka kampuni ya Paradox ya Uswidi. Humo kuna madini, chakula, aloi na bidhaa za nyumbani, lakini kinachoendesha karibu kila kitu ni krediti za nishati.

Wazo lenyewe halikuanzia kwenye gemu. Mwaka 1921 Henry Ford, yule wa magari, alipendekeza hadharani pesa inayotegemea nishati badala ya dhahabu. Miaka ya 1930 kundi la Technocracy huko Marekani lilitaka kila raia apewe vyeti vya nishati, ambavyo mtu asingeweza kumpa mwenzake wala kuviweka akiba muda mrefu. Mapendekezo hayo hayakuwa sarafu ya nchi yoyote.

Sisi huku tuliwahi kuwa na kitu kinachokaribia. Kabla huduma za pesa kwa simu hazijaanza Kenya mwaka 2007, watu katika nchi kadhaa za Afrika walikuwa wakitumiana salio la maongezi kama pesa. Unamtumia ndugu yako wa kijijini salio, yeye anamuuzia mwenye duka, anapata pesa taslimu. Salio la maongezi lilikubalika kwa sababu ileile ya nishati: kila mwenye simu alilihitaji, na lilikuwa na kipimo kinachojulikana.

Sarafu inayoliwa

Sasa tuingie kwenye utamu wenyewe. Dhahabu ukiizika miaka kumi, utaikuta vilevile. Nishati haiko hivyo. Hutumika kwa wewe kuwepo tu.

Kwenye Stellaris, kila meli inakula nishati kila mwezi. Hata kama imeegeshwa na haijapiga vita tangu iundwe, bado inakula. Kila kituo kinakula. Kila jengo linakula. Mchezaji mgeni anaona bei ya kuunda meli na kusema, “Hii naiweza.” Ni kweli anaiweza kuiunda. Hajajiuliza kama anaweza kuilisha.

Ndiyo maana juu ya skrini gemu hiyo haionyeshi nambari moja. Inaonyesha mbili zikiwa pamoja. Ya kwanza ni akiba uliyo nayo. Ya pili ina alama ya kujumlisha au kutoa mbele yake, na inakuonyesha kila mwezi akiba yako inaongezeka au inapungua kwa kiasi gani. Mchezaji mzoefu anaangalia ile ya pili kwanza.

Tuseme himaya yako ina akiba ya nishati 800. Kila mwezi unazalisha 60 na unatumia 45, kwa hivyo una +15. Maisha ni matamu. Unaunda meli kumi mpya, na gharama yake ya kila mwezi ni 40. Sasa uko -25. Ukiangalia akiba, bado inasoma 800. Hakuna kengele inayolia. Lakini 800 ukigawanya kwa 25 unapata 32: umebakisha miezi 32, na hesabu tayari inarudi nyuma.

Akiba ikifika sifuri huku mapato yakiwa hasi, adhabu huanza. Uzalishaji unashuka na meli zinapungua nguvu. Uzalishaji ukishuka, kujiokoa kunakuwa kugumu zaidi. Jirani akivamia wakati huo, zile meli kumi ulizojivunia haziwezi kukulinda ipasavyo. Zenyewe ndizo zilikuwa zinakumaliza.

Kinyozi ana nambari mbili pia

Turudi kwa kinyozi wetu, tupige hesabu yake kwa wiki. Nambari hizi ni za mfano tu, weka zako.

Anafungua siku sita na kupata kama Sh2,000 kwa siku. Hiyo ni Sh12,000. Matumizi yake: kodi ya kibanda Sh2,500, stima Sh900, dawa na vifaa Sh600, mshahara wa msaidizi Sh4,200, chakula na nauli Sh3,600. Jumla ni Sh11,800. Anabaki na +200 kwa wiki. Si nyingi, lakini ni chanya. Kwenye simu ana Sh7,000 alizojiwekea kwa muda mrefu.

Siku moja anachukua runinga kubwa kwa mpango wa kulipa polepole, Sh150 kila siku, ili kuvutia wateja wanaopenda mpira. Kwa wiki hiyo ni Sh1,050. Runinga nayo inakula stima, tuseme Sh150 zaidi kwa wiki. Gharama mpya ni Sh1,200. Kutoka +200 ameenda -1,000.

Jioni hiyo akiangalia simu, salio bado ni karibu Sh7,000. Anajiona yuko sawa kabisa. Kumbe ana wiki saba. Kama wiki ya saba ndiyo shule zinafunguliwa, karo itamkuta kwa sifuri, na runinga bado inadai Sh150 yake kila siku.

Je, runinga ilikuwa makosa? Si lazima. Kama bei ya kunyoa ni Sh100, wateja 12 zaidi kwa wiki wanafidia ile Sh1,200. Ni wateja wawili kwa siku. Kama mpira unawaleta hao wawili, runinga inajilisha na kinyozi anabaki palepale pa +200. Wakija watatu, anapanda. Kama watu wanakuja kuangalia mpira tu na hawanyoi, anailisha runinga kwa karo ya mtoto.

Tofauti kati ya kuamua vizuri na kuumia iko kwenye swali moja: hiki kitu kitakula ngapi kwa wiki, na kitaleta ngapi kwa wiki? Bei ya kukipata ni swali la baadaye.

Nishati isiyowekwa kabisa

Kuna gemu nyingine inayobana zaidi. Inaitwa OGame, ilianza Ujerumani mwaka 2002, na watu huicheza kwenye kivinjari. Humo nishati haiwekwi akiba hata kidogo. Unazalisha kiasi fulani, migodi yako inahitaji kiasi fulani, basi. Ukijenga mgodi mkubwa kuliko nishati yako, migodi haizimiki. Inapunguza kasi kulingana na upungufu. Nishati ikiwa nusu ya inayohitajika, uzalishaji nao unashuka hivyo.

Watu wengi wanaofanya vibarua vya siku wanaijua hali hii. Kinachoingia leo kinatumika leo, na siku ikiwa mbaya kila kitu kinapungua kidogo: chakula, nauli, mzigo wa biashara. Hakuna siku unayoweza kusema hapa ndipo mambo yalivunjika. Yalipungua tu polepole. Kwa mtu wa namna hiyo, ushauri wa “weka akiba” unakuja mapema mno. Kwanza apate ile nambari ya pili iwe juu ya sifuri, hata kwa Sh20 kwa siku.

Kugeuza kuna gharama

Kwenye soko la Stellaris, kwa miaka mingi ungeuza madini kwa nishati na kununua chakula kwa nishati. Lakini soko linachukua chake: ada ya kawaida mwanzoni ni asilimia 30. Ukiuza madini ya thamani ya 100 ulikuwa unapata nishati 70. Ukibadilisha mawazo na kutaka madini yako, ya thamani ya 100 yatakugharimu 130. Kwa hivyo 100 zako za mwanzo, zikienda na kurudi, zinabaki kama 54. Tena, ukinunua sana, bei inapanda mbele ya macho yako.

Toleo la 4.0 la mwaka 2025 lilibadilisha mpango huo. Kazi ya kununua na kuuza sokoni ilihamishiwa kwa rasilimali nyingine, biashara, na nishati ikabaki na kazi ya kuendesha himaya. Yaani kinachowasha taa na kinachonunua sokoni si kitu kimoja tena.

Ada zetu haziko karibu na asilimia 30, lakini kanuni ni ileile. Kila pesa inapobadilika sura, kutoka simu kwenda taslimu kwa mfano, kuna kitu kinabaki njiani. Ada za kutoa hupangwa kwa viwango vya kiasi, si kwa shilingi moja moja. Kutoa kidogo kidogo mara tatu mara nyingi kunagharimu zaidi ya kutoa jumla yake mara moja. Na ukimlipa mwenye duka moja kwa moja kwa simu, unaepuka safari ya kwenda kwa wakala. Angalia jedwali la ada kabla ya kuamua.

Stima nayo ni hivyohivyo. Ukilipia Sh500, si zote zinageuka kuwa yuniti. Kuna kodi ya VAT na tozo nyingine ndani yake, na ujumbe wa tokeni huzionyesha. Usome hadi mwisho angalau mara moja.

Alpha Centauri ina somo lake hapa. Kadiri kambi yako ilivyo mbali na makao makuu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nishati yake inavyopotea kabla ya kufika hazina. Mchezaji anaweza kuwa na kambi nyingi na bado akawa maskini. Mtu mwenye laini tatu, chama viwili na mikopo minne ya programu tofauti atatuelewa.

Mahali gemu na maisha vinaachana

Tusifananishe kila kitu. Kwenye gemu nyingi akiba ina kikomo, na kinachozidi kinapotea. Akaunti yako ya simu pia ina kikomo, lakini ukitumiwa pesa inayopita kikomo, muamala unakataliwa. Pesa haimwagiki.

La pili ni deni. Himaya yako ikianguka, unaanza gemu upya. Mkopo wa dharura wa simu hauanzi upya. Mara nyingi unajilipa wenyewe pindi pesa inapoingia. Umetumiwa Sh1,000, unafungua simu, unakuta Sh400. Ndiyo maana mkopo usiuhesabu kama mapato. Kwenye taarifa ya miamala unaonekana kama pesa iliyoingia, lakini ni matumizi ya kesho yaliyovaa nguo ya mapato.

La tatu linahusu watoto na vijana wetu. Gemu nyingi za simu zina “nishati” ya aina nyingine kabisa. Unapewa kiasi kidogo cha kuchezea, kinaisha baada ya dakika chache, halafu unaambiwa usubiri saa kadhaa au ulipe sasa hivi. Kwenye gemu za anga tulizoeleza, nishati inakufunza kupanga. Hii nyingine imewekwa ili subira yako iishe, na hapo pesa inayotumika ni shilingi halisi. Sh50 mara nne kwa wiki ni zaidi ya Sh10,000 kwa mwaka. Mzazi, usimpe mtoto PIN yako “anunue tu mara moja.” Na usinunue krediti za gemu kutoka kwa mtu usiyemjua kwenye makundi ya mtandaoni, hata akikuuzia nusu bei. Ukishatuma, kuipata tena pesa yako ni kazi.

Tafuta nambari yako ya pili

Simu yako inakuonyesha nambari moja tu, salio. Ile ya pili itabidi uitafute mwenyewe. Inachukua kama nusu saa:

1. Omba taarifa ya miamala ya siku 30 zilizopita.
2. Jumlisha pesa yote iliyoingia. Toa mikopo, na toa pesa uliyojitumia kutoka laini yako nyingine. Hizo si mapato.
3. Jumlisha iliyotoka, pamoja na ada. Pesa uliyotoa taslimu ihesabu kama imetumika, isipokuwa bado unayo mkononi.
4. Toa ya pili kutoka ya kwanza, kisha gawanya kwa nne upate makadirio ya wiki. Iandike na alama yake: + au -.
5. Kama ni -, gawanya salio lako kwa nambari hiyo. Jibu ni wiki ulizobakisha.
6. Weka alama kwenye kila matumizi yanayokuja hata ukilala siku nzima: kodi, malipo ya polepole, mikopo, vifurushi vinavyojirudia. Hizo ndizo meli zako zilizoegeshwa. Jiulize ni ipi haijakufanyia kazi mwezi huu.

Ukipata - usishtuke. Heri kujua ukiwa na wiki saba mkononi kuliko kujua mita ikiwa imeshanyamaza na mteja amekaa kwenye kiti na nusu ya nywele. Wiki saba zinatosha kurudisha runinga, kuongea na mwenye nyumba, au kutafuta wale wateja wawili wa kila siku.

Na ukipata +, hata ikiwa ndogo, iandike mahali utakapoiona. Kisha kabla ya kuchukua kitu kipya, rudi uitazame kwanza.